Dume na Jike Katika Maji: Nani Huzeeka Upesi?

Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi habari za samaki. Si habari za nyavu na mishipi, wala bei za mnadani, bali habari za umri wao. Swali letu ni hili: katika samaki waishio katika maji yao ya asili, wasiolishwa wala kulindwa na mtu, ni yupi aishiye zaidi, dume au jike? Na yule atanguliaye kufa, je, hufa kwa kuwa amezeeka upesi kuliko mwenziwe, au iko sababu nyingine?

Huenda mtu akasema kuwa swali hili ni la watu wasio na kazi. Lakini kwa kweli limo majumbani mwetu. Mtu akipita mtaani akawahesabu wazee waliovuka miaka 80, aghalabu ataona kuwa vikongwe wa kike ni wengi kuliko wa kiume. Wala si mtaani kwetu tu; karibu katika kila nchi duniani wanawake hupata umri mrefu kuliko wanaume. Watu hubishana juu ya sababu yake. Wengine husema ni kazi za hatari, tumbaku, ulevi na vita. Wengine husema la, sababu imo katika mwili wenyewe tangu siku ya kuzaliwa. Kwa mwanadamu ni vigumu kuyatenga mambo haya, maana maisha yake ni marefu na desturi zake ni nyingi. Samaki hana tumbaku wala mshahara; na wako samaki ambao maisha yao ni mafupi sana, hata mtu aweza kuyatazama yote, tangu kuanguliwa mpaka kufa, kabla mahindi yake hayajavunwa.

Kabla hatujaingia majini, yafaa tupambanue mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni kufa na kuzeeka. Fikirini mitungi miwili. Mmoja hupelekwa kisimani kila siku. Siku moja mchotaji akateleza, mtungi ukaanguka ukavunjika, nao ungali mpya. Wa pili uliwekwa pembeni mwa nyumba, haukuanguka kamwe. Lakini kadiri miaka ilivyopita udongo wake ulilika, ukaanza kuvuja, mwisho haukufaa kitu. Mitungi yote miwili imekwisha, walakini haikwisha kwa sababu moja. Mtu ahesabuye vigae tu hawezi kujua ni upi uliochakaa na ni upi ulioteleza. Hali kadhalika kwa viumbe. Tukisikia ya kuwa madume hufa mapema, tusiseme mara moja kuwa madume huzeeka mapema. Twapaswa kuuliza kwanza: walichakaa, au walivunjika njiani?

Sasa na tuwatazame samaki wenyewe. Katika nchi za mashariki ya Afrika, kuanzia pwani ya Kenya na Tanzania mpaka Msumbiji na Zimbabwe, wako samaki wadogo, urefu wao kama kidole cha mtu, wakaao katika vidimbwi vya mvua. Vidimbwi hivi hujaa wakati wa masika, na kiangazi kikifika hukauka kabisa, udongo ukapasuka. Mvua zikirudi, baada ya siku chache samaki wamo tena. Wako watu wasemao kuwa samaki hawa hushuka kutoka mbinguni pamoja na mvua, nasi hatuwacheki, maana jambo lenyewe ni la ajabu. Lakini ukweli ni huu: samaki hawa hutaga mayai yao matopeni. Dimbwi likikauka, wakubwa wote hufa, asisalie hata mmoja. Mayai hubaki ndani ya udongo mkavu yamelala, kwa miezi mingi, na pengine zaidi ya mwaka, yakingojea maji. Mvua ikinyesha na dimbwi likajaa, huanguliwa.

Wataalamu wameupa ukoo huu jina la Nothobranchius. Mmoja wao, Nothobranchius guentheri, alipewa jina lake na Georg Pfeffer mwaka 1893, na makao yake ya asili ni kisiwa cha Unguja. Mwingine, Nothobranchius furzeri, alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1968 huko Gonarezhou katika nchi ya Zimbabwe, akapewa jina mwaka 1971. Huyu wa pili ndiye aliyechunguzwa kuliko wote. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kuwa wale waliotokana na samaki wa Gonarezhou, hata wakifugwa katika vyombo vya kioo na kulishwa vizuri, huzeeka na kufa katika muda wa yapata miezi mitatu. Baadaye zilipatikana koo nyingine za aina hiyo hiyo ziishizo zaidi kidogo. Hata hivyo, miongoni mwa wanyama wenye uti wa mgongo wafugwao katika maabara, hapana mwenye umri mfupi kama wake.

Kiumbe mwenye siku chache hana budi kufanya haraka. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza vidimbwi vya kusini mwa Msumbiji walieleza kuwa baadhi ya samaki hawa hupevuka, wakawa tayari kuzaa, katika siku 14 tu tangu kuanguliwa. Katika majuma mawili amekwisha kuwa mtoto, kijana na mtu mzima! Toka hapo jike hutaga mayai kila siku, na dume humfuata kila siku, mpaka mmojawapo afe au maji yaishe.

Dume na jike wa samaki hawa hawafanani hata kidogo. Dume ni kama bwana arusi: mwili wake hung'aa kwa buluu na kijani, magamba yake yana kingo nyekundu, na mkia wake ni mwekundu au wa manjano kwa kadiri ya mahali atokako. Jike ni mdogo kuliko dume, na rangi yake ni ya kijivu kama ya matope, wala hana pambo lolote. Mtu asiyewajua angedhani ni samaki wa koo mbili.

Je, wataalamu hujuaje umri wa samaki wa dimbwini, naye hana cheti cha kuzaliwa? Ndani ya kichwa cha samaki, katika sikio lake la ndani, mna kijiwe kidogo. Kijiwe hicho hukua siku hata siku, na kila siku huongezewa utando mwembamba, kama vile mti uongezavyo pete katika shina lake mwaka hata mwaka. Mtaalamu hukisugua kijiwe mpaka kiwe chembamba, akakitazama kwa darubini, akahesabu pete. Akikuta pete 40, ajua kuwa samaki yule ameishi siku 40 au karibu yake.

Tena iko faida nyingine. Kwa kuwa mvua ndiyo iyaamshayo mayai, samaki wa dimbwi moja aghalabu huanguliwa karibu kwa wakati mmoja. Wote ni rika moja, kama vijana waliotiwa jandoni msimu mmoja. Basi mtafiti akirudi penye dimbwi lile lile mara kwa mara, anahesabu rika lile lile likiendelea na safari yake ya maisha. Ikiwa mwanzoni madume na majike walikuwa sawasawa, na baadaye majike wakawa wengi, hapo ajua kuwa kiko kitu kilichowapunguza madume.

Na hivyo ndivyo ilivyoonekana. Kwa miaka mingi Martin Reichard na wenzake, wa Chuo cha Sayansi cha Ucheki, walisafiri huko Msumbiji wakivua na kuhesabu, wakatangaza matokeo yao mwaka 2014. Katika vidimbwi vingi majike waliokomaa walikuwa wengi kuliko madume. Tofauti hii haikuwa sawa kwa kila aina ya samaki wala kwa kila dimbwi, lakini ilitokea mara nyingi, hata haiwezi kusemwa kuwa ni bahati tu.

Ni nini basi kinachowaondoa madume? Kwanza wafikirieni ndege. Yangeyange husimama katika maji ya kina kifupi, ametulia kama kigingi. Mdiria hukaa juu ya tawi akitazama chini. Katika maji yenye rangi ya udongo, jike mwenye rangi ya udongo haonekani upesi. Lakini dume ageukapo jua likampiga ubavuni, ametoa ishara kwa majike na kwa ndege pia. Pambo lile lile limpatialo mke ndilo limpalo adui shabaha. Pili, madume hupigana. Hufukuzana, hutanua mapezi ili kutishana, huumana, na mwenye jeraha ni rahisi kukamatwa au kupata ugonjwa. Tatu, dume hana raha: mchana kutwa hutafuta majike na kuwafuata, wala hajifichi. Yeye ndiye mtungi uendao kisimani kila saa.

Lakini hapa msikilizaji mwenye akili atatuzuia, aseme: Haya, mmetueleza jinsi dume avunjikavyo. Je, mmeangalia kama naye huchakaa? Swali ni la haki, na wataalamu walilitafutia jibu ndani ya miili ya samaki wenyewe. Mwaka 2018 lilitangazwa shauri moja la namna hii. Watafiti walichukua samaki wa vidimbwini, wakapasua na kuzichungua kwa darubini zile sehemu za mwili zitoazo mayai na mbegu, ili waone kama zimeharibika kwa uzee. Wakawalinganisha na samaki wa aina hiyo hiyo waliofugwa, ambao kwa kuwa walilindwa waliishi muda mrefu zaidi. Katika samaki waliofugwa waliona uharibifu mkubwa, kwa dume na kwa jike vilevile. Katika samaki wa vidimbwini uharibifu ulikuwa mdogo, nao ulionekana kwa madume tu.

Tuyatafakari maneno haya, maana ndani yake mna jibu la sehemu kubwa ya swali letu. Samaki wa dimbwini hapati nafasi ya kuwa mzee sana. Ndege, wadudu wakali wa majini, vita na ukame humtangulia uzee. Alama kidogo za kuchakaa zilizoonekana zilikuwa kwa dume, kwa hiyo hatuwezi kusema kuwa mwili wake haukuguswa kabisa. Lakini kuchakaa kidogo namna ile hakutoshi kueleza kwa nini madume wengi hivyo hawaonekani tena. Hali yule jike, aliyeonekana mzima dimbwini, akiwekwa mahali pa salama akaishi zaidi, naye huzeeka kama dume. Maana yake, usalama wa jike dimbwini si dalili kwamba mwili wake ni wa udongo mgumu zaidi. Ni dalili kwamba njia yake ya kisimani haina utelezi mwingi.

Tena hata katika vyombo vya kioo tofauti ya umri baina ya dume na jike haiwi moja kila mahali. Mara huonekana, mara haionekani, kwa kadiri ya ukoo wa samaki na namna walivyofugwa. Kama umri mfupi wa dume ungekuwa umeandikwa katika mwili wake tu, ungetokea daima, popote awekwapo.

Na msidhani kuwa mambo haya ni ya samaki wa vidimbwi peke yao. Katika mito ya kisiwa cha Trinidad, huko Amerika, wako samaki wadogo waitwao gapi, wazaao watoto hai. Kwao pia dume ana madoadoa ya rangi nyingi, na jike, ambaye ni mkubwa kuliko dume, hana pambo. Huko nako watafiti wameona kuwa majike waliokomaa aghalabu ni wengi kuliko madume. Tena David Reznick na wenzake walichukua gapi wa mito yenye samaki wakali walao wenzao, na gapi wa mito isiyo na hatari hiyo, wakawalea wazao wao katika maji ya salama. Watu wengi walitazamia kuwa wale wa mito ya hatari wangezeeka upesi. Mwaka 2004 walitangaza kuwa mambo yalikuwa kinyume: wale wa mito ya hatari, walipolindwa, waliishi zaidi. Basi twaona tena kwamba wingi wa vifo mtoni ni jambo moja, na upesi wa kuchakaa kwa mwili ni jambo lingine.

Sasa yawezekana mtu akasema: Huenda siri imo katika urithi. Katika kila chembe ya mwili zimo nyuzi ndogo sana zibebazo urithi wa wazazi, nazo huitwa kromosomu. Kwa wanadamu, mwanamke ana mbili za namna moja, ziitwazo X. Mwanamume ana X moja na nyingine fupi iitwayo Y. Wako wataalamu wasemao kuwa mwenye X mbili ni kama msafiri mwenye viatu jozi mbili: jozi moja ikitoboka, anayo ya akiba. Mwenye X moja hana akiba. Rai hii ina nguvu, maana katika wanyama wengi wanyonyeshao jike huishi zaidi. Na katika ndege, ambao dume ndiye mwenye mbili za namna moja, mara nyingi dume ndiye aishiye zaidi.

Lakini samaki huitia rai hii mashakani. Yule Nothobranchius furzeri, dume wake ana X na Y, na dimbwini yeye ndiye atanguliaye kufa. Mpaka hapo rai yasimama. Basi na tusafiri mbali, tuvuke bahari mpaka magharibi ya Kanada, tukatazame samaki mwingine ambaye dume wake pia ana X na Y.

Samaki huyu ni samoni wa Bahari ya Pasifiki. Huanguliwa katika vijito vya milimani, hushuka baharini, hukaa huko miaka michache akinenepa. Kisha hurudi katika mto ule ule aliozaliwa, apande mpaka juu, azae mara moja, afe. Kwake dume na jike wote hufa baada ya kuzaa, hapana abakiaye. Wakiingia mtoni huacha kula kabisa. Safari yote, mamia ya kilometa dhidi ya mkondo, huiendesha kwa akiba ya mafuta waliyotoka nayo baharini.

Zamani mtu angedhani kuwa dume na jike hushiriki sawa taabu za safari hii. Lakini mwaka 2021 Scott Hinch na wenzake, wa Chuo Kikuu cha British Columbia, walikusanya matokeo ya uchunguzi mwingi uliofanywa kwa miaka mingi, hasa katika Mto Fraser, wakaona jambo zito. Maji ya mto yanapokuwa na joto jingi, au mkondo unapokuwa na nguvu kupita kiasi, au samaki anaposumbuliwa kwa kukamatwa na kuachiliwa, majike hufa njiani kwa wingi kuliko madume. Na maji ya mto ule katika miaka hii yamekuwa ya joto kuliko zamani.

Kwa nini huku jike ndiye aanguke? Tazameni mzigo wake. Ndani ya tumbo lake mna maelfu ya mayai yanayokamilika wakati ule ule anapopanda mto. Sehemu kubwa ya akiba yake imekwisha kuingia katika mayai, na damu yake yapaswa kuyalisha mayai na misuli kwa pamoja. Zile homoni zitokazo mwilini wakati wa shida hupanda kwake kuliko kwa dume. Maji yakiwa baridi, haya yote hustahimilika. Maji yakipata joto, moyo hufanya kazi zaidi, pumzi haitoshi, na yule aliyekuwa na akiba ndogo ndiye akwamaye kwanza. Dume naye ana mzigo wake, kwa maana atapigana na madume wenzake. Lakini sehemu kubwa ya mzigo huo humngoja mwisho wa safari, ilhali jike amebeba wake tangu mwanzo.

Basi, wasikilizaji wetu, wekeni samaki hawa wawili pamoja. Wote wawili dume ana X na Y. Katika dimbwi la Msumbiji dume ndiye atanguliaye kufa; katika mto wa Kanada wenye joto, ni jike. Kwa hiyo hatuwezi kusema kuwa udume ni ugonjwa, wala kuwa ujike ni dawa. Kila mmoja amepewa mzigo wake wa kuendeleza uzao, na mahali aishipo ndipo paamuapo ni mzigo upi utakaomlemea. Penye ndege wengi, rangi ni mzigo. Penye maji ya joto, mayai ni mzigo. Mahali pakibadilika, hukumu nayo yaweza kubadilika.

Tena elimu hii ina faida kubwa kwa watu walindao samaki. Hesabu ya jumla peke yake haitoshi. Tukisema, “Dimbwini mna samaki 100,” hatujasema mengi mpaka tujue ni madume wangapi na majike wangapi. Katika dimbwi, madume wakipungua, hasara si kubwa sana kwa uzao ujao, maana dume mmoja aweza kurutubisha mayai ya majike wengi. Lakini katika mto wa samoni, kila jike afaye njiani huzama na maelfu ya mayai yake, na dume wengi waliofika salama hawawezi kuyarudisha. Mlinzi wa mto ahesabuye vichwa tu aweza kufurahi kwa kuwa samaki wengi wamefika, kumbe kizazi kijacho kimekwisha kupotea mtoni.

Kwa matabibu pia iko faida. Zamani majaribio mengi ya dawa yalifanywa kwa wanyama madume tu, na matokeo yake yakadhaniwa kuwafaa wote. Samaki hawa watuonya kuwa dume na jike waweza kuanguka kwa sababu mbalimbali hata wakiwa wamezaliwa siku moja katika maji mamoja. Dawa ya uzee ikijaribiwa kwa mmoja tu, habari za mwingine hazijulikani. Na kiumbe alindwaye katika chombo cha kioo hatuonyeshi yote yampatayo nduguye aliye nje. Twahitaji kuwachungua wote wawili.

Lakini hatutaweza kuwachungua ikiwa makao yao yatatoweka. Vidimbwi vya mvua havina sifa machoni pa watu. Mwenye kujenga huvifukia. Mwenye kulima huvichimbia mfereji ili maji yaondoke. Na mara nyingi hapana amwambiaye kuwa chini ya ule udongo mkavu mnalala uzao mzima wa mwaka ujao. Wakati wa kiangazi hapana hata samaki mmoja mkubwa wa kuokolewa. Wote waliobaki ni mayai, nayo yamo katika udongo ule anaousukuma mwenye kujenga. Hata kulichimba dimbwi likawa bwawa la maji ya daima kwaweza kuwaangamiza, kwa sababu samaki wakubwa huingia humo wakawala. Dimbwi hili faida yake ni huko kukauka kwake. Na kwa samaki kama yule wa Unguja, ambaye hana nchi nyingine ya asili ila kisiwa kile kimoja, kila dimbwi lifukiwalo ni mlango mmoja uliofungwa.

Kwa hiyo twawaomba walimu na wazazi wawatazamishe watoto vidimbwi hivi mvua zijapo. Mtoto achote maji kwa kikombe cheupe, atazame yupi mwenye rangi na yupi mwenye vumbi. Arudi baada ya mwezi, ahesabu tena, kisha awarudishe majini wote. Ataona kwa macho yake mwenyewe mambo ambayo wataalamu walisafiri kutoka mbali kuja kuyaona.

Na wale bibi zetu waliobaki peke yao mitaani, je, samaki wametupa jibu lao? Hawakutupa jibu lote, kwa kuwa mwanadamu si samaki, na safari yake ni ndefu. Lakini wametufundisha kuuliza vizuri. Tusikiapo kuwa fulani amekufa mapema, tusikimbilie kusema mwili wake ulikuwa dhaifu. Tuulize alibeba mzigo gani, na katika njia ya namna gani. Mtungi uliochakaa hatuwezi kuurudisha upya. Bali njia yenye utelezi tunaweza kuitengeneza.